Mzazi Aliyeachwa Getini: Ugogo, Mirembe na Kijana Anayesumbuka

Mzazi wa Dodoma ambaye mwanawe wa miaka 15 ameacha kulala, anazungumza peke yake, anajifungia chumbani siku nzima au anatoroka shule na kurudi akinuka bangi, yuko karibu na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe kuliko wazazi wengi wa nchi hii. Kutoka sokoni ni mwendo mfupi wa bajaji. Hata hivyo mlango huo ndio unaobishwa mwisho, baada ya maombi, baada ya mganga, baada ya viboko, baada ya kumhamisha mtoto shule au kumpeleka kijijini kwa bibi yake. Tumezoea kueleza jambo hili kwa neno moja: ujinga. Mzazi hana elimu, tunasema, ameshikwa na imani potofu, anaona aibu. Basi apewe semina na vipeperushi. Maelezo hayo yanamwonea mzazi, na yanasahau historia. Ukifuatilia namna tiba ya akili ilivyoingia Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, utaona kwamba ilijengwa juu ya msingi wa kumtoa mzazi kwenye tiba ya mwanawe, na kwamba ilijengwa kwa ajili ya mtu mzima anayeogopwa, wala si kijana anayesumbuka. Kusita kwa mzazi wa leo kuna mizizi katika mpangilio huo. Ugonjwa wa kusita hauponi kwa mahubiri. Unapona pale mzazi anaporudishiwa nafasi aliyonyang'anywa.

Tuanze kabla ya hospitali. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyechapisha mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, na Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeandika juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo mwaka 1969, wanatuonyesha jamii ambamo ugonjwa haukuwa mali ya mtu mmoja. Mtu akiugua, mwenye kaya ndiye aliyekwenda kupiga bao kwa mganga, ndugu wa upande wa baba na wa mama wakahusishwa, na swali la kwanza lilikuwa kuhusu mahusiano: nani amekosana na nani, mzimu gani umesahauliwa, deni gani la ng'ombe halijalipwa. Balaa lilipoikumba nchi nzima, lilitibiwa na nchi nzima. Rigby ameandika juu ya matambiko ambamo wanawake walivaa mavazi ya kiume, wakashika mikuki na kuchunga ng'ombe, wakacheza ngoma hadi mpakani upande wa magharibi na kulitupa balaa huko. Msomaji wa leo si lazima aamini kwamba balaa hutupwa mpakani ili aone jambo lililo muhimu hapa: mgonjwa hakusimama peke yake mbele ya mtaalamu, na watu wake hawakuambiwa wangoje nje.

Kijana naye alikuwa na mahali pake palipojulikana. Jando na unyago havikuwa sherehe za kukata tu. Vilihitaji kibali cha mtemi, vilikuwa na walezi, nyimbo, mafunzo na kipindi cha kukaa mbali na nyumbani, na vilimrudisha kijana akiwa na daraja jipya mbele ya watu wote. Umri unaowatatiza wazazi leo, kati ya utoto na utu uzima, ulikuwa na wasimamizi wengine zaidi ya baba na mama: wajomba, walezi wa jando, bibi, marika. Nasema haya bila kuyapamba. Utaratibu huo ulikuwa na maumivu yake, tohara ya wasichana ikiwamo, ambayo leo ni kosa kwa sheria na ni dhuluma kwa mwili wa mtoto. Kijana ambaye maradhi yake hayakutii mafunzo wala matambiko aliweza kuishia kufungwa kamba au kuonwa kama laana. Lakini kasoro hizo hazifuti ukweli kwamba kulikuwa na utaratibu, na kwamba ndani yake mzazi alikuwa mwenye shauri.

Utaratibu huo ulianza kulegea kabla ya daktari wa akili kufika. Wamisionari wa Kianglikana walitia mguu Mpwapwa mwaka 1876. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na kugeuza kijiji cha nchi kavu kuwa kituo cha utawala. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baada ya 1916 ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua ilipokosekana nchi ikaingia katika njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Makadirio ya wakati huo yanataja vifo karibu 30,000 katika watu wapatao 150,000. Kaya zilisambaratika, mifugo iliyokuwa dhamana ya undugu ikatoweka, na wazee waliokuwa wakisimamia mambo ya vijana wakafa au wakahama. Ni muhimu kukumbuka kwamba miaka michache tu baada ya msiba huo, katika nchi hiyo hiyo, ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga hospitali yake ya wagonjwa wa akili. Haikujengwa kwa sababu mtu aliuliza watu walionusurika Mtunya walikuwa wakiteseka vipi mioyoni.

Tanganyika ilikuwa tayari na mahali pamoja pa kuwahifadhi wagonjwa hao. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari Walutheri wa Kijerumani walikuwa wamefungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakayageuza kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Waingereza walipoijenga Mirembe mwaka 1927, walikuwa wanafuata mtindo ulioenea katika makoloni yao: Mathari ya Nairobi na Zomba ya Nyasaland zilikuwa zimeanza tangu 1910. Dodoma ilifaa kwa sababu iko katikati na reli inapita hapo, hivyo mgonjwa wa mwanzo wa reli na wa mwisho wa reli wote wangeweza kushushwa kituo kimoja. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hospitali iliyochaguliwa kwa urahisi wa kuwasafirisha watu waliotolewa kwao ni hospitali iliyokubali tangu siku ya kwanza kwamba mgonjwa atakuwa mbali na ndugu zake.

Njia ya kuingia nayo ilithibitisha hilo. Aliyefika alikuwa kwa kawaida ameshapita mikononi mwa polisi au hakimu, kwa sababu serikali ilimtambua mgonjwa wa akili pale alipovuruga amani: aliyezunguka mjini uchi, aliyechoma nyumba, aliyejeruhi mtu. Kando ya Mirembe ikawapo Isanga, taasisi ya wale waliotenda makosa ya jinai na mahakama ikaona akili zao hazikuwa sawa. Tiba yenyewe ilikuwa haba. Dawa ya kwanza yenye nguvu ya kutuliza wazimu, klopromazini, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Kabla ya hapo hospitali nyingi za aina hii zilitegemea zaidi kuta, kazi za shamba na dawa za usingizi. Nadharia ya wakati huo nayo ilimdharau mzazi Mwafrika waziwazi. J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo, na akahusisha tofauti hiyo kwa sehemu na malezi na mila. Katika fikra hizo mzazi alikuwa sehemu ya ugonjwa. Asingeweza kuwa sehemu ya tiba.

Mtoto na kijana hawakuwamo kabisa katika ramani hii. Kijana asiyelala, anayelia bila sababu, anayejikatakata au aliyekata tamaa havurugi amani ya mji. Anavuruga amani ya nyumba. Taasisi iliyowekwa kwa ajili ya amani ya mji haikuwa na jicho la kumwona. Na hadi leo, nchi nzima, jina la Mirembe hutumiwa kumtania au kumtukana mtu anayefanya mambo yasiyoeleweka. Mzazi anayesita kulifungamanisha jina hilo na binti yake wa kidato cha pili hasiti kwa sababu hajui kwamba magonjwa ya akili yanatibika. Anasita kwa sababu anajua vizuri sana jinsi watu watakavyomtazama binti huyo akiwa na miaka 20, atakapotafuta kazi na mchumba.

Tukio moja linaonyesha pengo hilo kuliko mengine yote, ingawa halikutokea Ugogo. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, wasichana wa shule ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengi wao wa umri kati ya miaka 12 na 18, na hali hiyo ikaenea katika vijiji na shule nyingine. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, walitafuta sumu na vijidudu wasivione. Watafiti waliokuja baadaye wameeleza kwamba ni msongo uliowapata vijana waliokuwa katikati ya matarajio ya nyumbani, ya shule na ya taifa jipya. Jibu lililopatikana lilikuwa kuifunga shule na kuwarudisha wasichana kwa wazazi wao. Wazazi walipewa watoto bila maelezo wala msaada. Yaani mfumo uliomtoa mzazi kwenye tiba ya mgonjwa mzima ulimwachia mzigo wote wa kijana, na katika hali zote mbili hakuna aliyekaa naye kuzungumza. Visa vya wasichana kuanguka na kupiga kelele madarasani, ambavyo tunavisikia mpaka leo na kuviita mapepo, bado mara nyingi vinamalizwa kwa njia ile ile.

Itakuwa dhuluma kuishia hapo, kwa sababu Tanzania huru ilifanya mengi kuubomoa mpangilio huo. Wodi za magonjwa ya akili zilifunguliwa katika hospitali za mikoa ili mgonjwa asipandishwe treni kwenda Dodoma. Vilianzishwa vijiji vya kilimo vya kuwarejesha wagonjwa katika maisha ya kawaida, Vikuruti karibu na Dar es Salaam kikiwa kimojawapo. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza kwa majaribio Morogoro na Kilimanjaro ukiwa na wazo rahisi na kubwa: wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kutambua na kutibu maradhi haya karibu na nyumbani. Mirembe yenyewe ikawa mahali pa kufundishia wauguzi wa afya ya akili waliosambazwa nchini. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria ya zama za ukoloni. Mageuzi haya yaliileta tiba karibu na kijiji. Lakini yalimlenga mgonjwa mzima, hasa mwenye saikosisi, yaani ugonjwa unaomtenga mtu na uhalisia, na mwenye kifafa. Kijana balehe alibaki kati ya kliniki ya watoto, inayopima uzito na kuchanja, na wodi ya watu wazima, ambayo hakuna mzazi anayetaka kumlaza humo mtoto wa miaka 14.

Hapa wapo watakaonipinga, nao wana hoja nzito. Wa kwanza atasema: unamtetea mzazi, lakini ni mzazi huyo huyo anayempeleka mtoto kwa mganga, mtoto anafungwa minyororo, anachanjwa, anafukizwa moshi, na miezi inapita huku ugonjwa ukikomaa. Ni kweli, na madhara hayo hayana utetezi. Saikosisi inayoanza ujanani ikicheleweshewa tiba huwa ngumu zaidi kutibika, na mtoto aliyefungwa mnyororo amedhulumiwa, aliyemfunga awe mganga au baba yake. Lakini tuulize kwa nini mzazi anakwenda huko kwanza. Mganga anampokea pamoja na familia, anauliza historia ya nyumba, anawapa wote kazi ya kufanya, na hamwandikii mtoto jina litakalomfuata. Daktari T. A. Lambo wa Nigeria aliliona hilo mapema. Kule Aro, Abeokuta, kuanzia 1954, aliwalaza wagonjwa katika vijiji jirani na hospitali pamoja na ndugu zao, na akawashirikisha waganga wa jadi bila kuacha dawa za kisasa. Huku kwetu, Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa kati ya watu waliokuwa wakiwatenga wagonjwa hao kwa hofu, na wagonjwa wakaja pamoja na ndugu zao, wakaendelea kuja. Watu wale hawakuwa na elimu zaidi ya wazazi wa Dodoma ya leo. Tofauti ilikuwa namna walivyopokelewa.

Wa pili atasema kwamba ukoloni umekwisha tangu 1961, Mirembe imebadilika, ina wataalamu, na huko Itega, Dodoma, waraibu wa dawa za kulevya wanapata huduma. Kuendelea kuitaja Mirembe ya 1927 ni kuwapa wazazi kisingizio. Nakubali kwamba imebadilika, na wauguzi wake wanafanya kazi ambayo taifa halijaishukuru vya kutosha. Ila taasisi inaweza kubadilika ndani huku mlango wake ukibaki ule ule machoni pa watu. Maadamu kijana mwenye huzuni na mshtakiwa wa mauaji wanafikiriwa kwa jina moja na anwani moja, hofu ya mzazi itakuwa na sababu. Sheria nazo bado zina kivuli cha zamani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mzazi aliyemkuta mwanawe amekunywa sumu ya panya anajikuta akiogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, kifo na kituo cha polisi, na woga huo wa pili umetengenezwa na sisi wenyewe.

Wa tatu atasema ujana ni ujana: kila kijana hununa, hubisha na kujitenga, na tukimpeleka kila mmoja kwa daktari tutaugeuza ukuaji kuwa ugonjwa. Onyo hilo ni la haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, maana yake sita hawana. Mzazi anayefuatilia anaweza kuona tofauti: mabadiliko yanayodumu wiki kadhaa badala ya siku, yanayogusa usingizi, chakula, masomo na urafiki kwa pamoja, na zaidi ya yote maneno ya kutaka kufa au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kwa hayo mawili ya mwisho hakuna kusubiri. Lakini mzazi hawezi kupima tofauti hizi peke yake, na zamani hakutakiwa kuzipima peke yake. Ndiyo sababu mahali pa kuanzia pasiwe na uzito wa hukumu: mwalimu wa malezi na ushauri nasaha shuleni, muuguzi wa kituo cha afya, afisa ustawi wa jamii wa kata, simu ya huduma kwa mtoto namba 116. Anayeanzia hapo hajamtangaza mwanawe kuwa mgonjwa. Ameomba jicho la pili.

Atakayeuliza fedha ziko wapi atakuwa wa mwisho. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili bado wanahesabika kwa makumi katika taifa la watu zaidi ya milioni 61. Uhaba huo ndio unaoipa hoja yangu nguvu, kwa kuwa nchi yenye wataalamu wachache haiwezi kumudu kumpoteza mhudumu aliye na mgonjwa usiku na mchana. Mambo yanayohitajika kwanza hayataki majengo mapya. Kliniki ya vijana balehe itengewe siku yake katika hospitali ya rufaa ya mkoa na vituo vya afya, mbali na geti la Mirembe. Mzazi aingie chumba cha daktari, asikilizwe, aelezwe dawa inafanya nini na madhara yake, apewe kazi ya kufanya nyumbani, huku kijana naye akipewa muda wake wa faragha, kwa sababu wako wazazi ambao wao ndio jeraha. Shule iwe na wajibu wa kumtunzia nafasi kijana anayetibiwa, na kifungu cha 217 kifutwe.

Dodoma ina sababu ya kutangulia. Mkoa huu ulikuwa na watu wapatao milioni 2 katika sensa ya 2012, na zaidi ya milioni 3 katika sensa ya 2022, baada ya serikali kutimiza uamuzi wa 1973 wa kuhamia hapa. Mitaa mipya imejaa familia za watumishi, wafanyabiashara na wanafunzi ambao wajomba na bibi zao wako Mbeya, Bukoba au Tanga. Vijana wao wanalelewa na wazazi wawili waliochoka, au mmoja, bila rika wala ukoo wa kuwasaidia, na wale wa vijijini Bahi na Chamwino wanaona mila zilizowalea babu zao zimebaki ngoma za jukwaani. Mzazi wa jiji hili amebeba peke yake kazi iliyokuwa ya watu kumi. Karne moja iliyopita serikali iliamua kwamba ndugu wa mgonjwa hawana la kuchangia, na uamuzi huo umetugharimu vizazi vya imani. Serikali iliyohamia Dodoma inaweza kuutengua, na inapaswa kuanza na watoto wa mji wake yenyewe.